Simsim ya Bokoli

Mwanangu Ruthi,

Barua huanza na salamu, halafu mtu anauliza hali, halafu anasema yeye hajambo ila taabu za dunia tu. Mimi na wewe tumekunywa uji wa sufuria moja leo asubuhi, kwa hivyo hayo tuyaruke. Umeenda kuwaaga wasichana wa kwaya na najua hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Baba yako yuko na ng'ombe za mzungu. Nimekaa hapa mlangoni, sanduku lako la bati nimelifanya meza. Mgongo unaniuma. Tangu asubuhi napanga nguo zako na kuzipangua, nimechoka kabisa, na kazi yenyewe bado sijaianza. Kazi yenyewe ni hii.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho mwalimu wa jioni alitufundisha hapa shambani. Lugha ya nyumbani mdomo wangu unaijua, mkono haujui. Ukiona makosa, si wewe ndiye unaenda kusomea ualimu? Sahihisha.

Mambo ya sabuni, ya kuamka mapema, ya wavulana, hayo sikuandikii. Nimekuimbia hayo miaka mingi na wewe ukiniangalia tu, unangoja nimalize. Nina jambo moja. Nitalizunguka kidogo kwanza, maana najijua.

Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza swali. "Mama, Baba ananiita Nelima, majirani wananiita Nelima. Kwa nini wewe peke yako unaniita Ruthi?" Nilikuwa napika. Nikakujibu kwamba Ruthi ndilo jina lako la ubatizo, na mtu wa kanisa anamwita mtoto wake kwa jina la ubatizo. Ukasema, "Lakini Wekesa unamwita Wekesa, na yeye amebatizwa Yohana." Haki ya Mungu, ulikuwa na mdomo tangu utoto. Nikakufukuza jikoni.

Hukuuliza tena, lakini nilikuona. Kila nilipomwita ndugu yako kwa jina lake, ulikuwa unainua macho kidogo. Na mwaka juzi, tulipogombana kwa ajili ya lile gauni, ulinipigia kelele kwamba sijawahi kukupenda, ati hata jina lako linanishinda kulitaja. Baba yako akakukemea. Mimi nilitoka nje nikapasua kuni, na kuni zilikuwa tele. Hilo la kukupenda ulikosea. Hilo la jina ulisema kweli. Linanishinda.

Sasa sikiliza. Nelima ni jina la mama yangu. Hilo unalijua, umeambiwa umeitwa kwa jina la nyanya yako aliyekufa kabla hujazaliwa. Ruthi, nyanya yako hakufa. Yuko hai. Nyumba yake iko Bokoli, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka hiyo shule ya Matulo unayoenda kesho.

Weka barua chini kidogo kama unataka. Mimi mwenyewe nimeweka kalamu chini hapa nikaenda kuwaangalia kuku, na kuku hawana shida yoyote.

Nianze mwanzo. Baba yangu alikufa nikiwa msichana mdogo, muda kidogo baada ya nzige kula kila kitu. Baba mdogo akamrithi mama yangu, kama desturi yetu ilivyokuwa, na sisi watoto tukawa wake. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa na vijana wakubwa wanataka kuoa, na ng'ombe wa kuwaolea hakuna. Nilipofika umri wako huu akapata mzee mmoja wa Sirisia, mwenye wake wawili na meno matatu. Ng'ombe wakaja. Niliwaona wakiingia bomani, nikajua hao ni mimi.

Nilimwendea mama yangu. Alikuwa amekaa nje anapepeta simsim. Nikamwambia, "Mama, sema kitu." Akaendelea kupepeta. Nikalia. Nikaushika ungo wake usitikisike. Akauondoa mkono wangu polepole, akasema, "Wewe si wa kwanza." Halafu akapepeta tena. Sikumtazama uso, niliutazama ungo tu, na maneno hayo nimeyabeba mpaka leo.

Siku ya pili yake akanituma kwa dada yake Kimilili. Akanipa kikapu cha kupeleka, akaniambia nisipitie njia ya mtoni, nipitie ya juu. Niliondoka nimenuna, sikumuaga. Huko njia ya juu nikakutana na vijana wanaenda Kitale kutafuta kazi kwa wazungu. Mmoja alikuwa baba yako. Nilikuwa nimemwona sokoni mara mbili tu, na mara zote mbili alinicheka. Akaniuliza, "Unaenda wapi?" Nikasema, "Nyinyi mnaenda wapi?" Basi, hivyo ndivyo mama yako aliolewa. Kimilili sikufika.

Wazazi wa baba yako walikuwa wametangulia kuhamia hapa shambani siku nyingi. Kukhu, mama ya baba yako, yule aliyekubeba mgongoni mpaka ukaanza kutembea, alinipokea vizuri. Akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani? Tuende kwa watu wako tuongee mambo ya ng'ombe." Ningesema kweli, wangeenda Bokoli, wangekuta ng'ombe wa mzee wa Sirisia bomani, na mimi ningerudishwa. Nikasema sina watu. Nikasema baba alikufa. Hiyo ilikuwa kweli. Nikasema, "Na mama pia alikufa."

Kwa kuwa nimeanza, acha nimalize. Sikusema vile kwa woga peke yake. Nilisema kwa hasira. Nilipolitoa neno hilo nilisikia raha, mwanangu, raha kabisa. Kukhu alinishika akanililia. Akachinja kuku, akanipikia chakula cha kunifariji. Nikakila chote.

Halafu ukazaliwa wewe, wakati wa mavuno. Unajua watu wetu: msichana wa mavuno ni Nekesa, Nelima ni msichana wa wakati wa kulima. Hujawahi kujiuliza kwa nini jina lako halilingani na siku zako? Tulikuwa tumekubaliana kukuita Nekesa. Lakini ulilia. Ulilia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, titi hulitaki. Kukhu akasema kuna mtu wa zamani anayetaka jina lake.

Umeona ikifanywa kwa watoto wa jirani. Mama mzee anakaa na mtoto, anataja majina ya waliokufa, moja, moja, na mtoto akinyamaza na kushika titi, basi huyo ndiye aliyekuja. Kukhu akataja watu wa upande wa baba yako mpaka wakaisha. Wewe unalia tu, sauti imekwisha, imebaki ya paka. Wanawake wote wamejaa nyumbani. Kukhu akanigeukia mimi. "Na kwenu je? Mama yako aliitwa nani?"

Jina la mtu aliye hai halitajwi pale. Hata mtoto mdogo anajua. Ukilitaja umemwitia kifo mmoja wao, aliyepewa au mwenyewe. Ningeweza kutaja shangazi yangu marehemu. Ningeweza kutaja nyanya ya mama yangu. Lakini nilikuwa sijalala siku tatu, wote wananitazama, na akilini mwangu hakukuwa na mtu mwingine ila yule niliyemuua kwa mdomo. Nikasema, "Nelima."

Ukanyamaza. Ukashika titi. Kukhu akapiga vigelegele mpaka watu wa kambi yote ya wafanyakazi wakaja mbio, na mimi nikalala pale nimekushika, uso nimeuficha shingoni mwako, wakadhani ni furaha.

Tangu siku hiyo sijakaa vizuri. Ukishikwa na homa nilijua ni mimi. Ulipopata surua, baba yako akakubeba kukupeleka misheni, mimi nilibaki nyuma ya nyumba namwomba radhi mama yangu aliye Bokoli na hanisikii. Na kila nilipojaribu kukuita jina lako niliona kama namzika tena. Ikawa Ruthi. Siku zingine ikawa "wewe" tu. Nilikushika kidogo, nikakusifu kidogo, kama mtu anayeficha kitu asionekane nacho. Sijui nilitaka usionekane na nani. Mimi nafundisha watoto kanisani kila Jumapili, mambo haya hayafai kunitisha. Yananitisha, basi.

Unamjua Rasoa, yule mama mnene anayekuja na ndizi soko la Kitale. Yeye ni wa Bokoli. Tulichota maji pamoja tukiwa wasichana. Ulikuwa na miaka mitano hivi aliponiona mara ya kwanza. Alinidaka mkono katikati ya soko. "Woi! Si wewe ni wa Nelima? Mama yako anauliza kila mtu anayetoka Kitale!" Wewe ulikuwa umeshika leso yangu. Rasoa akainama akakuuliza, "Na huyu naye anaitwa nani?" Ukajibu kwa sauti yako yote, "Nelima!"

Rasoa alinitazama. Akakupa ndizi, akarudi kwa mzigo wake. Nilijua neno hilo litafika Bokoli. Nilijua mama yangu atasikia kwamba mtoto wake amemfanya marehemu na kumpa mtu mwingine jina lake.

Nikangoja laana. Baada ya mavuno Rasoa akaja tena. Akatoa fungu la simsim limefungwa kwa jani la mgomba, imekaangwa tayari, akaniwekea mkononi. "Nimeambiwa niseme hivi: Nelima mkubwa anamsalimu Nelima mdogo." Nikamuuliza, "Na mimi?" Akasema, "Nimeambiwa hivyo tu."

Na kila mwaka, Ruthi. Kila mwaka baada ya mavuno. Ile simsim niliyosema nimenunua sokoni, niliyokuwa nikiiponda na kuitia kwenye mboga, mnapigania mwiko wewe na Wekesa, ilikuwa yako. Ilitumwa kwako kwa jina lako. Chakula nilikupa. Salamu nilizikalia, zote.

Unakumbuka lile kofi. Najua unalikumbuka, kwa sababu hata mimi nalikumbuka. Ulikuwa na miaka tisa. Ulilamba vidole ukasema, "Mama, huyu anayeuza simsim anajua kukaanga kuliko wewe." Nikakuzaba. Hukulia. Uliweka bakuli chini, ukatoka, na kuanzia siku hiyo ukaacha kuniletea maneno yako ya shule. Kofi hilo halikuwa lako, mwanangu. Nisamehe. Nakuomba kwa kalamu kwa sababu kwa mdomo najua nitafika mbele yako nikuambie umesahau kitana.

Rasoa alinipa mengine kidogo kidogo, mwaka huu neno, mwaka ujao neno. Kwamba baba mdogo alirudisha ng'ombe kwa aibu kubwa. Kwamba alimtoa mama yangu kwenye nyumba yake, akamjengea kibanda mwisho wa shamba, asile na wengine. Kwamba mpaka anakufa alisema, "Huyu mama alijua." Nilimkatalia Rasoa. Nilimwambia mama yangu hakujua chochote, alinituma Kimilili tu. Rasoa akaniangalia akasema, "Haya."

Sasa nikuambie kilichonipata leo.

Nilikuwa napanga sanduku hili. Nimeweka blanketi. Nimeweka leso yangu nzuri, ile ambayo ulikuwa ukiniomba nakukatalia. Nimeweka mahindi ya kukaanga na mayai ya kuchemsha ya kutosha siku nne, na safari yenyewe ni nusu siku kwa lori. Nikajicheka, mtoto anaenda Matulo, si Mombasa. Halafu nikasimama hapo hapo, mkono uko ndani ya sanduku, kwa sababu nilikumbuka kile kikapu.

Nilikifungua jioni ile tukiwa njiani, tulipoomba kulala kwa watu. Kulikuwa na simsim ya kukaanga, nyingi. Nyama kavu. Leso mpya ambayo mama yangu hakuwa ameivaa hata mara moja. Na chini kabisa, gauni langu la pili, limefuliwa, limekunjwa. Nilikuwa na magauni mawili tu duniani. Usiku ule nilifurahi kwamba nina nguo ya kubadilisha, nikaivaa kesho yake, nikaenda zangu. Sikujiuliza imeingiaje mle. Bokoli mpaka Kimilili unaenda na kurudi siku moja. Hakuna mama anayemtuma mtoto kwa dada yake na kurudi, akampakilia kila kitu alicho nacho.

Na ile njia ya juu, ambayo vijana wa kwenda Kitale hupitia.

Miaka yote hii, Ruthi! Nimekaa naye rohoni kama adui, na yeye ndiye aliyenipakia mzigo. Hakuweza kusema kitu pale nje, baba mdogo alikuwa hatua mbili tu, anahesabu ng'ombe wake. Mimi nilitaka maneno. Alifanya alichoweza na mikono, akalipa yeye, na mimi nikaja hapa nikamtangaza amekufa na nikala kuku. Nimeketi chini hapa nikalia kama mtoto. Wekesa alipita akadhani ni kwa sababu unaenda. Nikamwambia ndiyo.

Mwaka huu simsim haikuja. Nilimngoja Rasoa, alipofika nikakichungulia kikapu chake kama mwizi. Ndizi tu. Akasema, "Macho yake yamekwisha. Halimi tena, anakaa mlangoni." Akasema tena, "Ananiuliza huyo Nelima mdogo amefika urefu gani. Nimwambie nini?" Nikanunua ndizi, nikaondoka. Juma lililofuata barua ya shule ikafika, Matulo, na baba yako akaruka kwa furaha, na mimi nikakaa chini.

Siwezi kukulazimisha. Kukulazimisha nimekulazimisha vya kutosha. Lakini ukipewa ruhusa Jumamosi ya kwanza, nenda Bokoli sokoni, muulize Rasoa, atakupeleka. Nyanya yako hatakuona. Atakushika uso na mikono, vumilia. Atakuuliza wewe ni nani. Nimefikiria sana hapa. Nilitaka kukuambia sema Ruthi, usimsumbue mzee. Hapana. Sema jina lako. Analijua, na amelisalimia kuliko mimi.

Kona ya sanduku, chini ya blanketi, kuna fungu la simsim. Hii kweli nimenunua sokoni, na nimekaanga mwenyewe. Mpe. Ataonja mara moja atajua haikuiva sawa, na atasema. Mwache aseme. Mwambie imetoka kwa nani.

Utauliza kwa nini siendi mwenyewe. Baba yako hajui, na hilo nitamwambia leo jioni, ni langu, wewe usiliguse. Kazi ya mzungu ningeweza kuomba siku mbili. Ni woga, mwanangu. Naogopa anifukuze, na naogopa zaidi asinifukuze. Muulize kama nije. Akisema nije, niandikie neno hilo moja, nitapanda lori hata nikikatwa posho. Akisema nisije, usinipambie maneno. Andika hivyo hivyo.

Nasikia mnakuja huko barabarani mnaimba, na sauti yako iko juu ya wengine kama kawaida. Hii nitaiweka juu ya nguo zako, uikute ukiingiza kitabu chako cha nyimbo. Soma leo. Kesho asubuhi kama hutaki kuongea na mimi, usiongee. Uji utakuwa tayari, kunywa uende.

Lakini lori likishawaka, nitakuita mbele ya watu wote. Sitaita Ruthi. Mdomo wangu haujazoea, pengine sauti itakwama. Ukisikia mtu huko nyuma anaita Nelima, Nelima, ni mimi, na ni wewe ninayekuita. Itika.

Mama yako